Nataka Niku… Puh!

Muuzaji mwenyewe ndiye aliyeijaribu mbele yangu. Alikaa kwenye kochi, akachomeka gitaa lake, akapiga robo saa nzima huku mimi natikisa kichwa kama mjusi. Amplifaya ndogo, nyeusi, ya kubeba mkononi. Ina tundu la gitaa, tundu la maiki, kitufe cha mwangwi kinachokufanya usikike kama uko pangoni, na betri yake ndani kwa ndani. "Hii hata porini unapiga," akasema. Kitu kimoja tu sikukiuliza: mbona kisanduku kimebanwa ukutani, kimeegemea pazia? Nyuma ya pazia, leo najua, palikuwa na soketi.

Nyumbani nikaichaji usiku kucha. Asubuhi taa ya kijani inang'aa. Nikadonoa kidogo kwa sauti ya chini jirani asije akagomba, ikaitika. Basi, nikajiona tayari mwanamuziki wa porini.

Siku hizo hizo jamaa yangu akanijia. Alitaka kumwomba mpenzi wake waoane, bustanini, jioni, mbele ya ndugu wachache. Yeye aseme yake kwenye maiki, mimi nimsindikize kwa gitaa. "Ila pale umeme hakuna," akanitahadharisha. Nikacheka. Umeme wa nini?

Mwanzo ulikwenda vizuri mno. Nilikuwa nadonoa nyuzi nyembamba kwa vidole, polepole, na amplifaya inaitikia kwa adabu zote. Jamaa akashika maiki, mkono unamtetemeka. Akaanzia walipokutana, akapitia mvua iliyowanyeshea, hatimaye akafika penyewe. Nikaona hapa panataka uzito. Nikazikung'uta nyuzi zote sita kwa mpigo mmoja, na ule mnene wa juu nikaukandamiza hasa.

"Nataka niku—"

Puh.

Kiswahili nacho kina ukatili wake. Mtendaji ameshatajwa, mtendwa ameshatajwa, kilichobaki ni tendo lenyewe, na tendo ndilo limetumbukia shimoni.

"Unataka uninini?" akauliza binti.

"Nikudai hela zangu!" akadakia kijana mmoja huko nyuma. Shangazi wa binti, ambaye masikio yamemzeekea, akamshika mkono aliyekaa naye: "Amesema anamwacha?"

Betri iliyochoka ina unafiki, nimejifunza baadaye. Ukiipumzisha kidogo inajikusanya, taa ya kijani inarudi, unaamini imepona. Itwishe mzigo, inalala. Na mzigo wenyewe ni besi: uzi ule mnene unatetemeka kama mara 82 kwa sekunde, na kuusukuma kwenye spika kwa nguvu kunakula umeme kweli kweli. Pale bustanini sikuyajua haya. Nilichoona ni taa imewaka tena, jamaa amepumua, nami kwa aibu nikaamua kumfidia kwa kupiga kwa nguvu zaidi.

"Nilikuwa nasema, nataka niku—"

Puh.

Mara ya tatu hivyo hivyo. Ya nne, akifika tu kwenye "niku", wageni wote wakaitikia kwa pamoja: "Puh!" Hata shangazi.

Jamaa akanigeukia. Maiki ilikuwa bado iko kidevuni, lakini sote wawili tulishaihesabu marehemu. Mimi mikono nimeitoa kwenye nyuzi kwa mara ya kwanza jioni ile, na kumbe huo ndio utulivu betri iliokuwa ikiuomba. Akaninong'oneza kwa meno yaliyobana, "Ukiugusa tena uzi huo…" Hapo taa ikawaka.

"NITAKUUA!… kuua… ua… ua…"

Hakuna neno lililotoka safi namna ile siku nzima, na mwangwi wake wa pangoni.

"Nilisema mimi!" shangazi akasimama.

Binti alikuwa ameinama, anacheka mpaka machozi. "Mimi nimesikia 'ua' tu," akasema. "Haya, liko wapi?"

Jamaa akageukia kichaka cha karibu, akavuta ua likaja na mzizi na udongo wake, akampelekea. Akalimalizia lile neno kwa mdomo mtupu. Kati yao palikuwa na hatua mbili. Maiki haikuwa na kazi tangu mwanzo.

Fundi alipofungua kisanduku, betri ilikuwa imevimba tumbo. Ni zile za madini ya risasi na asidi, akaniambia, ukiiacha muda mrefu bila chaji sahani zake zinaganda chumvi ya salfeti na haishiki tena chaji. Nikampigia muuzaji. "Kwani kwangu haikulia?" akajibu, na sikuwa na la kusema.

Harusi iko njiani na nimeambiwa nitapiga mimi. Jamaa alipita jana kunijulisha. Begani alikuwa amening'iniza waya wa umeme, mita thelathini.