Ufukweni mara nne au Amani mara moja?

Mwezi uliopita tulikuwa na kikao cha wazazi wa kidato cha tatu katika shule ninayofundisha baiolojia hapa Tanga mjini. Ajenda ya mwisho ilikuwa safari ya kwenda Amani, kule milimani. Sisi walimu wa sayansi tuliwaomba wazazi wachangie nauli ya basi na chakula cha mchana ili watoto wakauone msitu wa Usambara Mashariki. Mama mmoja akasimama, akajitanda khanga yake vizuri, akasema: "Mwalimu, mimi sikatai mtoto akajifunze. Ninachouliza, akirudi huko atakuwa anajua kitu gani ambacho wewe usingeweza kumwonyesha hapa hapa?" Nikamjibu kijuujuu kwamba watoto wanahitaji kuona kwa macho yao. Akaketi kwa heshima. Nilipofika nyumbani niliona wazi kwamba sikumjibu.

Swali lake ndilo tunalobishania mashuleni kila mwaka. Wapo wanaosema sayansi bila vitendo ni kukariri tu, na wapo wanaosema ziara ni matembezi, kwa kuwa mtihani hauulizi mtoto alikwenda wapi. Mimi nimewahi kukaa pande zote mbili, kwa nyakati tofauti, na kila upande una jambo la kweli ambalo mwingine haupendi kulisikia.

Nianze na jani la mchu.

Mwaka juzi niliwapeleka wanafunzi kwenye mikoko, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka shuleni. Mchu ni ule mti ambao mizizi yake huchomoza juu ya tope kama penseli zilizochomekwa kichwa chini. Msichana mmoja, ambaye darasani sikuwahi kumsikia akiuliza kitu, alichuma jani, akaligeuza, akalilamba. "Mwalimu, lina chumvi!" Wenzake wakacheka, kisha wote wakaanza kulamba majani. Wengine wakahamia kwenye mkandaa uliokuwa jirani, wakarudi wakilalamika kwamba ule hauna. Miti miwili, tope moja, maji yale yale. Mbona mmoja una chumvi majani na mwingine hauna?

Wiki tatu kabla ya hapo tulikuwa tumefanya osmosisi maabara, yaani jinsi maji yanavyopenya utando wa seli kuelekea penye chumvi nyingi, kwa vipande vya mbatata kwenye maji ya chumvi. Waliandika vizuri, wakapata vema, wakafunga daftari. Pale topeni ndipo osmosisi ilipoanza kuwasumbua. Mbatata ilinywea kwenye maji ya chumvi, sasa mti huu unasimamaje humu mwaka mzima bila kunyauka? Ikabidi nieleze kwamba mchu huingiza chumvi kiasi na kuitoa kupitia tezi za kwenye majani, wakati mkandaa huizuia sehemu kubwa ya chumvi tangu mizizini. Sikuwa nimepanga kulifundisha hilo siku ile. Walinidai.

Kuna jambo jingine nililoliona pale, nalo kwangu ni zito kuliko lile la chumvi. Walizungumza. Sekondari tunafundisha sayansi kwa Kiingereza, na wengi hunyamaza kwa kuogopa kukosea sentensi. Ufukweni Kiswahili kilirudi chenyewe, na pamoja nacho yakaja maarifa waliyotoka nayo nyumbani. Mtoto wa Tanga anajua bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, na maji mafu, siku ambazo hupanda na kushuka kidogo, tangu mdogo. Anajua kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Lakini akikutana na habari hiyo hiyo kwenye kitabu cha jiografia, kwa jina la Kiingereza, hatambui kwamba ndiyo ile babu yake anayoipangia siku za kuvua. Siku ile mzee mmoja mvuvi alikuwa anashona nyavu karibu na tulipopumzika. Wanafunzi wakamwamkia shikamoo, wakamuuliza, naye akawaeleza mwezi na maji bila haraka. Alipomaliza, nikachora mchangani jua, mwezi na dunia vikiwa kwenye mstari mmoja. Nikaona nyuso zinabadilika. Mambo mawili waliyokuwa wakiyajua mbalimbali yalikutana.

Sasa upande wa pili, na naomba usichukuliwe kuwa ni upande wa walimu wavivu.

Niliwahi kupeleka kundi kubwa kwenye mapango ya Amboni. Mapango yale yalichimbwa na maji ndani ya mawe ya chokaa ya enzi ya Jurasiki. Maji ya mvua huchukua hewa ukaa, yakawa asidi dhaifu, yakayeyusha jiwe. Yanapodondoka ndani ya pango hewa ukaa hutoka, chokaa ikaganda, na jiwe likaota kutoka darini tone kwa tone. Ni kemia ile ile ya chokaa na asidi tunayoiandika ubaoni. Tuliporudi nikawaambia waandike walichojifunza. Karibu wote waliandika habari za mzimu na njia ya chini kwa chini inayosemekana kwenda Mombasa. Aliyetutembeza hana kosa, aliwapa kile ambacho wageni hupenda kusikia. Kosa lilikuwa letu walimu, kwa sababu tuliwapandisha basi bila kuwapa swali la kwenda nalo.

Jambo hili haliko Tanga peke yake. Mwaka 2008 watafiti Ian Abrahams na Robin Millar walichapisha matokeo ya kufuatilia vipindi 25 vya sayansi kwa vitendo katika sekondari za Uingereza, kwenye shule zenye vifaa ambavyo sisi tunavisikia tu. Waliona kwamba vipindi vile vilifaulu kuwafanya wanafunzi watende walichoambiwa, lakini vilifaulu kidogo sana kuwafanya waunganishe walichokishika na wazo la kisayansi lililokusudiwa. Anayeamini kwamba mtoto akishika kitu basi ameelewa, huo ni ushahidi wa kumfikirisha.

Halafu kuna fedha. Tangu Januari 2016 elimu hadi kidato cha nne haina ada, na michango ya lazima ilikatazwa. Nauunga mkono uamuzi huo kwa moyo wangu wote, maana nimeona waliokuja shuleni kwa sababu yake. Lakini gharama ya safari haikufutika, imerudi kwa mzazi kwa jina la mchango wa hiari. Siku ya Amboni baadhi ya watoto walibaki shuleni kwa sababu kwao fedha haikupatikana. Walikaa madirishani wakitazama basi likitoka getini. Sijaisahau siku hiyo, na yeyote anayetetea ziara, nikiwemo mimi, lazima aanze kwa kuwajibu hao.

Na kuna barabara. Mei 6, 2017, kule Karatu, basi la shule lilitumbukia korongoni, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Walikuwa wanakwenda kufanya mtihani wa kujipima. Tangu hapo mzazi anayesita kusaini fomu ya ruhusa simshangai. Barabara ya kutoka Muheza kupanda Amani ina kona kali, na wakati wa masika udongo wake huteleza.

Wengine hujibu kwamba basi tubaki maabara. Sawa, lakini maabara ipi? Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, na wananchi wakajenga. Majengo yapo. Kilichomo ndani ni hadithi nyingine. Katika kipindi cha titresheni, yaani kupima asidi kwa kuichanganya na besi kidogo kidogo, nimeona bureti moja, ule mrija wa kupimia wenye koki, kwa wanafunzi wanane. Mmoja anafungua koki, mmoja anasoma kipimo, sita wananakili. Akikosea msomaji, wote nane wamekosea kwa desimali zile zile. Ukichelewa kufika meza ya mwisho, unakuta wameshapika data. Hicho nacho tunakiita vitendo.

Ninapofikiria vitendo vya kweli, humkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu shule ya Magamba, Lushoto, mkoani kwetu hapa, yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Friji ilikuwa inajaa, akaogopa kukosa nafasi, akaweka maziwa yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeweka yaliyo baridi. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lile lile mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne. Wenzake wakacheka, lakini Osborne akaenda kulijaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Kuna anayesoma kisa hiki kama ushahidi kwamba vitendo vinatosha. Mimi nakisoma hadi mwisho wake: mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walirudia vipimo wakaonyesha kwamba hata kuhamisha kipimajoto sentimita moja kwenye chombo kunaweza kubadili matokeo, na ubishi juu ya jambo hilo haujaisha. Macho ya mwanafunzi yalizaa swali zuri. Kulijibu kumehitaji uangalifu wa miongo, na uangalifu huo hauji kwa kutembelea mahali mara moja.

Hapo ndipo ninaposimama. Wanaopinga ziara wako sahihi kuhusu gharama, hatari na utupu wa ziara nyingi. Wanakosea wanapohitimisha kwamba dawa ni kubaki darasani. Kitu kinachokosekana ni kurudi. Ukiwapeleka watoto kwenye mikoko ile ile mara nne kwa mwaka, wanafunga kamba mraba wa mita tano kwa tano, wanahesabu miche, wanapima chumvi ya maji wakati wa masika na wakati wa kiangazi, basi safari ya pili inaanzia pale ya kwanza ilipoishia. Hakuna basi. Hakuna wa kubaki dirishani. Na siku za kukaa ndani, rosela inayouzwa sokoni ukiichemsha inakupa kionyeshi cha asidi na besi: tia ndimu, wekundu unakolea, tia magadi, inageuka kijani. Kila mwanafunzi anapata kikombe chake badala ya kunakili cha mwenzake.

Kikwazo kikubwa cha mpango huu kimenishangaza, maana si fedha. Ni ratiba. Katika pwani yetu maji ya bamvua hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, katikati ya vipindi, na kipindi ni dakika 40. Ili nifike mikokoni na kurudi, mwalimu wa historia na wa uraia inabidi waniachie vipindi vyao, nami niwarudishie. Tumegombana juu ya hilo chumba cha walimu, kwa haki kabisa, kwani na wao wana mada za kumaliza.

Na Amani? Bado nataka waende, ila iwe mwishoni, kidato cha nne kabla joto la mtihani halijapanda, tena kwa kile ambacho Tanga mjini hakipo: mwinuko. Amani iko karibu mita 900 juu ya bahari. Kila mita 100 unazopanda, joto hushuka kwa zaidi ya nusu digrii. Wakadirie wenyewe kabla ya kuondoka, wasome vipimajoto Muheza, wasome tena njiani, wachore grafu jioni na waone makadirio yao yalikosea wapi. Huko pia kuna bustani ya miti ya taasisi ya Wajerumani iliyoanzishwa mwaka 1902, ambako miti ya kigeni ilipandwa kwa majaribio. Mmojawapo, Maesopsis, umeingia msituni na kuenea hadi leo. Mwanafunzi aliyehesabu miche ya mikoko mwaka mzima ataangalia miche ya mti huo kwa jicho lingine. Bila ule mwaka wa kuhesabu, ataona majani tu.

Juzi nilimkuta yule mama sokoni Ngamiani, akipanga mafungu yake ya ndimu. Nikamwambia kwamba nilikuwa sijamjibu, nikamweleza mpango wa ufukweni. Alisikiliza hadi mwisho bila kukatisha.

"Siku hiyo maji yanapwa saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

"Basi mwalimu, waambie wasiende na ndara. Waende na viatu vya kufunga. Mikokoni kuna chaza, wanakata nyayo."