Mgonjwa Wangu Bi Gerda

Jamani, mimi mtoto wa Tanga. Kwetu paka hatafutwi. Anakuja mwenyewe, anakaa kizingitini anakutazama unavyoparua kibua, ukimrushia kichwa basi keshakuwa wa kwenu. Akiwachoka anahamia nyumba ya tatu na hakuna anayeuliza. Pale sokoni Deep Sea paka wanene kuliko wachuuzi, na sijawahi kumwona hata mmoja amejaziwa fomu.

Sasa niko Berlin mwaka wa kumi na nne, naendesha basi. Binti yangu Zuhura, miaka tisa, kaamka siku moja: "Baba, nataka mbwa." Nikamwambia mwanangu, mbwa hapa analipiwa kodi, yuro 120 kwa mwaka, na kodi zangu mwenyewe zinanitoa jasho. Paka hana kodi. Maneno hayo niliyasema kwa mdomo wangu, simlaumu mtu. "Basi paka," akajibu, haraka mno, kama mtu aliyekuwa kanitegea.

Tukaenda nyumba ya kuhifadhia wanyama. Nilidhani naenda kuchukua paka, kumbe naenda kuposa.

Nilipomposa Mama Zuhura kule Pangani, wajomba zake hawakunihoji vile. Unafanya kazi saa ngapi mpaka saa ngapi? Paka atabaki peke yake muda gani? Ukisafiri atalelewa na nani? Barua ya mwenye nyumba iko wapi? Mwenye nyumba wangu mnamjua: nikikaanga dagaa tu, anasimama ngazini anavuta pumzi kama daktari. Lakini Zuhura, mtoto wa siku hizi, akanambia mahakama ya juu ya huku iliamua mwaka 2013 kwamba mwenye nyumba hawezi kuandika tu kwenye mkataba "paka na mbwa marufuku" akafunga daftari. Lazima apime kila shauri peke yake. Tukampelekea hukumu. Barua ikatoka siku ile ile. Miaka kumi na nne namwomba anitengenezee kengele ya mlango.

Nikaomba kitoto cha paka. Dada wa pale akatikisa kichwa: vitoto vinatoka viwili viwili, kimoja peke yake kinaumwa na upweke. Na nyinyi mchana hampo. Nikanyamaza. Mimi nilishuka nchi hii mwezi wa Januari, mmoja, na koti la kuazima, upweke wangu aliupima nani?

"Lakini tuna Gerda," akasema.

Mila ni zile zile. Umeomba mdogo, unaambiwa dada mkubwa bado yupo nyumbani. Gerda ana miaka kumi na mmoja, rangi ya jivu, kilo saba, sikio moja limejikunja. Bibi aliyekuwa naye kahamia nyumba ya wazee ambako paka hawaruhusiwi. "Halafu ana sukari." Nikauliza sukari gani. "Ugonjwa wa sukari. Sindano mara mbili kwa siku."

Nikaja kusoma baadaye kwamba ulimi wa paka hauonji utamu kabisa. Hauna huo uwezo. Yaani mimi nimekunywa chai ya vijiko vinne maisha yangu yote, nadunda. Yeye ambaye hata utamu wa embe hajui ukoje, ndiye kapatwa!

Nilipogeuka nimwambie Zuhura tuondoke, Gerda alikuwa keshapakatwa, macho kafumba.

Kabla ya kukabidhiwa, akaja mama mmoja kukagua nyumba. Mashangazi hasa! Kafungua makabati, kachungulia nyuma ya friji. Akanionyesha kwamba haya madirisha ya huku, yanayoinama kwa juu, paka akijaribu kupenya ananasa na anaweza kufa pale pale. Hilo nilishukuru, sikulijua. Akatoka roshanini: hapa patiwe wavu. Kwetu wavu ni wa samaki na samaki ni wa paka. Nimekuja Ulaya kumfunika paka kwa wavu.

Mahari yuro 80, kwa sababu ya umri. Kwenye mkataba imeandikwa nisimuuze, nisimgawe, nikimshindwa nimrudishe kwao. Hayo nilishayasikia Pangani: ukimchoka mtoto wetu usimpige, turudishie. Mama yangu nilipompigia, shikamoo, marahaba, nikamweleza. Akakaa kimya mpaka nikadhani salio limeisha. "Mwanangu, paka umemlipia?" Nikasema ndiyo mama. "Na panya mnao?" Hatuna. Akakata simu.

Sindano nachoma mimi. Mke wangu anauguza wazee, na msimamo wake ni mmoja: "Baba Zuhura, mimi nimechoma watu tangu alfajiri, nyumbani sichomi kiumbe." Zuhura anashika taa. Kwanza namtoboa sikio kidogo, tone la damu kwenye kipimo, ale, halafu ngozi ya shingo naivuta juu, naingiza. Kila baada ya saa kumi na mbili. Kwa saa zetu ni rahisi kukumbuka: saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na mbili jioni. Na mimi presha yangu sijaipima tangu mwaka juzi.

Msiba ulianzia Hamburg, kwenye harusi ya rafiki yangu. Saa nane na nusu mchana, sufuria la pilau ndiyo linafunuliwa, mvuke ule, mimi nasimama nachukua koti. Watu: vipi tena? Ningesemaje? Nikasema nawahi nyumbani, Bi Gerda ana sukari, ni mtu mzima, sindano yake ya jioni nachoma mimi. Uongo uko wapi hapo? Wazee wakanishika mkono. Mmoja machozi yakamlenga: "Kijana, kumlea bibi wa Kijerumani ambaye si damu yako!" Nikatoka bila pilau, nimebeba baraka.

Kumbe huku nyuma wakapitisha mchango.

Jumapili jioni kengele ikalia, maana nayo huamua kulia siku ya balaa. Kufungua, wako saba. Shangazi Mwanaidi na chupa ya supu ya kuku, kijana ana machungwa, mzee wa machozi ana bahasha, yuro 240. Wakavua viatu taratibu, wakaketi, sauti za chini. Mzee akainua mikono tayari kwa dua, kisha akaniuliza, "Mgonjwa yuko chumba gani?"

Gerda akatoka jikoni mwenyewe. Akafika katikati ya zulia, akakaa, akaanza kujilamba.

Nikasema, "Ndiye huyo."

Mikono ya mzee ilibaki juu. Shangazi akamtazama paka, akanitazama mimi, akaitazama supu yake. Na saa ya ukutani ilikuwa kumi na mbili kasoro dakika mbili, ningefanyaje? Nikaleta sindano. Mkono wangu siku hiyo ulitetemeka, nikavuta ngozi vibaya, Gerda akanikoromea.

"Hebu toka," Shangazi akasema, akapiga magoti zuliani na dera lake la Jumapili, akamkamata. "Choma sasa. Polepole! Humwoni mwenzio anaumia?"