Clayface Yupi, Mkubwa?

Mia mbili hamsini! Jalada limechanika kona, kuna alama ya kikombe katikati ya uso wa Batman, na muuzaji pale barabara ya Tom Mboya, Nairobi, anakiinua kitabu kutoka kwenye turubai kwa vidole viwili, polepole, mtu asije akadhani ni gazeti la kufungia nyama. Bei ya nini hasa?

"Mkubwa, hii ni Clayface. Hakuna Clayface wa mia."

Clayface yupi?

Sisi wa mji huu tumezoea kuvumilia. Wingu moja likipita, nauli inapanda, tunalipa. Maji yakija saa nane usiku, tunaamka na mitungi. Lakini Clayface, adui mmoja wa Batman kwenye vitabu vya katuni, awe watu wanne, jina moja, mji mmoja, wote wakipigana na staringi yuleyule, halafu wote wauzwe bei moja? Hapana. Msomaji naye ana heshima yake.

Basi mtu mzima, ndiye mimi, anachuchumaa, anakunja suruali isiguse vumbi, anaanza kueleza kwa upole.

"Kijana, Clayface wa kwanza ni Basil Karlo. Jarida la Detective Comics namba 40, Juni 1940. Mwigizaji wa filamu za kutisha. Alisikia filamu yake ya zamani inatengenezwa upya na nafasi yake amepewa mwingine, akavaa kinyago akaanza kuwaua waigizaji. Hana nguvu zozote za ajabu. Ana kinyago na hasira, basi."

"Lakini huyu kwa jalada anatiririka."

"Anayetiririka ni Matt Hagen. Namba 298, Desemba 1961. Alikuwa akitafuta hazina, akakuta dimbwi la ajabu pangoni, akatoka humo akiwa udongo wa kujifinyanga apendavyo. Shida ni kwamba nguvu humwishia, lazima arudi kujichovya."

"Kumbe ni wa tokeni, kama stima."

"Ni wa tokeni. Huyo akauawa kwenye ile vita kubwa ya DC, kampuni ya Batman, ya 1985 na 1986."

"Na huyu wa suti ya chuma?"

"Huyo ni Preston Payne, 1978. Mwanasayansi mgonjwa, alichukua damu ya Hagen ajitibu. Ilimtibu kidogo, kisha yeye mwenyewe akaanza kuyeyuka, na kila anayemgusa anayeyuka. Suti ndiyo inamshikilia asimwagike. Akaishia kupenda sanamu ya nta, jina lake Helena."

Muuzaji anaweka kalamu chini. "Helena alimkubali?"

"Hakukataa. Sasa wa nne ni mwanamke, Sondra Fuller, 1987..."

"Wa nne!"

"...akapendana na Payne, wakapata mtoto."

"Si umesema ukimgusa unayeyuka?"

"Yeye tayari ni udongo."

"Na Helena je?"

"Wachana na Helena! Mwaka 1989 yule mzee wa kinyago, Karlo, anawakusanya wenzake, anachota vya miilini mwa Payne na Fuller, anajidunga, anakuwa na nguvu zote pamoja."

Kimya. Watu wawili waliokuwa wanangoja matatu wamesogea wasikilize. Muuzaji anawaza, kisha anauliza swali ambalo lingefaa kupigwa marufuku. "Lakini mimi nimemwona Hagen kwa TV, na alikuwa mwigizaji."

Na ni kweli! Ile katuni ya Batman ya 1992 ilichukua jina la Hagen, ikampa kazi ya Karlo. Mtu unajibu nini hapo?

"Kwa hivyo," anasema kijana, sasa kwa sauti ya wakili, "huyu anayetiririka anaweza kuwa wa pili, na anaweza kuwa wa kwanza baada ya kujidunga?"

"...Anaweza."

"Basi mimi nilisema Clayface. Mia mbili hamsini."

Hapo hapo mtu anapiga kelele, "Kanjo!" Askari wa jiji wanakuja. Turubai linakunjwa pembe nne kwa mkupuo, Clayface wote wanazama humo pamoja na vitabu vya hesabu vya Gredi ya Sita, na kijana anakata kona akipaza sauti, "Hicho ulichoshika, tuma kwa ile namba!" Ukituma, jina linalojitokeza kwenye simu ni la mama mkwe wake.

Kwa hiyo usiulize jina. Fungua ukurasa wa kwanza, chini kabisa (vingine ndani ya jalada), usome maandishi madogo yenye jina la jarida, namba, mwezi na mwaka. Mwezi huo kwa kawaida huwa mbele ya siku ya kuuzwa kwa miezi miwili hivi, usigombane na mtu kwa ajili yake. Kikiwa kitabu cha mkusanyo, mwaka unaouona kwanza ni wa mkusanyo wenyewe. Tafuta sentensi inayotaja namba ambako hadithi zilitoka mwanzo. Halafu tazama pini mbili za mgongoni. Zikishika kutu, karatasi ya katikati huchomoka, na karatasi moja ni kurasa nne nzima, na kwa bahati zetu ni zile za vita. Ikiwa iliyochomoka ni ya nje, umepoteza ukurasa wa kwanza na maandishi yenyewe. Jarida la kawaida la Marekani lina kurasa 32 ndani, matangazo yakiwemo. Hesabu, hata muuzaji akinuna.

Sababu ya vurugu hii yote ni biashara. Mwandishi anamuua adui, mhariri anakuta jina bado lina wateja, anatafutwa wa kulivaa. Green Goblin, adui wa Spider-Man, alitokea 1964, naye ni Norman Osborn. Akafa 1973, mwaka uliofuata mwanawe Harry akavaa kinyago, na 1978 daktari wa akili wa Harry, Bart Hamilton, akaona ajaribu naye. Daktari! Umempeleka mgonjwa kliniki, daktari anatoka na nguo za mgonjwa. Hamilton alikuwa skwadi tu, wa kumshikia mwingine kazi, hakumaliza zamu, akafa. Norman mwenyewe akarudi hai 1996.

Mad Hatter, adui mwingine wa Batman, ni Jervis Tetch, 1948, lakini mwaka 1956 akaja mwingine ambaye shida yake kubwa ilikuwa kuiba kofia, hasa ile ya Batman. Scarecrow wa DC ni wa 1941, mtaalamu wa hofu. Wa Marvel, kampuni ya Spider-Man, ni wa 1964, anajikunja viungo na anafuga kunguru. Hao angalau kampuni ni tofauti.

Kinachokera ni kwamba kubadilisha jina walijua sana. Two-Face, adui mwingine wa Batman, alipotoka 1942 aliitwa Harvey Kent. Wakaona watu watamchanganya na Clark Kent, yaani Superman, akawa Harvey Dent, mambo yakaisha. Ukoo tu ulifanana, wakakimbia kurekebisha! Clayface wanne hakuna aliyestuka.

Sijui hata kwa nini tunawalaumu wao, wakati kwenye simu zetu kuna Fundi Maji, Fundi Maji Mpya, Fundi Maji wa Ukweli na Fundi Maji Usipigie. Unampigia wa Ukweli, anayeshika ni Usipigie, amenunua laini nyingine, anasema yuko hapo tu steji, anakuja sasa hivi, ila umtumie nauli kwanza, na kama unayo, spana namba kumi na saba.