Bunduki ya marehemu: hoja ya wamiliki ambayo hatujaisikia

Kila serikali inapokaza masharti ya kumiliki silaha, wamiliki hulalamika, na jibu la mtaani hapa Dar es Salaam huwa moja: anayelalamikia uhakiki ana lake jambo. Kama bunduki yako ni halali, unaogopa nini kuipeleka kituoni? Swali hilo huonekana limefunga mjadala. Kwangu limeupita pembeni, kwa sababu wengi wanaolalamika ni wale wale waliokwisha kuipeleka.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ilichukua nafasi ya ile ya 1991, na mwaka uliofuata ukaja uhakiki. Wamiliki walifika polisi na silaha zao na karatasi zao, hata Rais Magufuli akahakiki za kwake. Aliyekuwa na bastola ya kukodisha kwa majambazi hakuonekana pale. Ndiyo maana mwenye leseni hukasirika anapoambiwa kuwa masharti mapya yanalenga uhalifu. Anajiuliza mbona kila zamu ni yeye anayehesabiwa.

Upande wa serikali una hoja nzito, na kwa mkazi wa jiji hili si za vitabuni. Julai 2015 kituo cha polisi cha Stakishari, Ukonga, kilivamiwa, askari wakauawa na silaha zikaporwa. Aprili 2017 polisi wanane waliuawa Kibiti kwa siku moja. Agosti 25, 2021, mchana kweupe, jirani na Ubalozi wa Ufaransa, mtu mmoja aliwaua polisi watatu na mlinzi wa kampuni binafsi kabla naye hajapigwa risasi. Nchi iliyopitia hayo isipotaka kujua kila mtutu uko mikononi mwa nani, itakuwa imezembea. Tena Tanzania imejifunga kwa Itifaki ya Nairobi ya 2004, makubaliano ya nchi za ukanda huu kuhusu silaha ndogo, kutunza kumbukumbu za silaha zilizo mikononi mwa raia.

Wamiliki wengine hujibu kwamba silaha za Stakishari ziliporwa kutoka kwa dola, kwa hiyo daftari la raia lisingezuia chochote. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Bastola yenye leseni nayo huibwa kwenye gari lililoegeshwa baa. Bastola yenye leseni huelekezwa kwa mke usiku wa ugomvi. Silaha ikiokotwa porini au kwenye tukio, namba yake ndiyo njia ya kwanza ya kumfikia aliyeinunua, na bila usajili njia hiyo haipo. Sioni mmiliki makini anayepinga hili, na hao ndio ninaowatetea hapa.

Basi wanalalamikia nini? Tuanze na njia yenyewe ya leseni. Maombi huanzia mtaani kwako, yakapanda wilayani, yakaenda mkoani, mpaka kwa msajili makao makuu ya polisi. Kila ngazi ina sababu yake, maana wa mtaani ndiye anayejua kama mwombaji hulewa na kupiga watu. Lakini kila ngazi pia ni meza nyingine inayojua kwamba nyumba fulani ya Tabata au Mbagala ina bunduki ndani. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeomba bastola kwa sababu hubeba mauzo jioni anajikuta ametangaza vitu viwili kwa pamoja: kwamba ana fedha, na kwamba ana silaha ya kuibwa. Akiuliza nani anaona faili lake, anatazamwa kama mtuhumiwa. Akiuliza atajibiwa lini, anaambiwa asubiri. Anayeshindwa njiani na kukata tamaa ni yule mwenye subira ya kufuata utaratibu. Mwenye nia mbaya hakuwahi kuuanza.

Hayo yanavumilika. Lisilovumilika, na ambalo sielewi kwa nini halizungumzwi kila siku, ni bunduki ya marehemu.

Leseni ya silaha ni ya mtu, haiendi na silaha. Mzee aliyenunua shotgani miaka ya sabini kwa ajili ya nguruwe waliomaliza mihogo shambani Kisarawe, akailipia leseni yake miaka yote, siku anapofariki leseni yake inafariki naye. Bunduki inabaki juu ya kabati. Familia ina msiba, kisha arobaini, kisha kikao cha ukoo, kisha kuteua msimamizi wa mirathi, kisha mahakama. Katika orodha ya mali kuna kiwanja, kuna pikipiki, kuna akaunti ya benki. Bunduki hakuna anayetaka kuitaja kwa sauti. Miezi minane ikipita tangu msiba, mjane ndiye anayeishi nayo, na kwa maneno ya sheria yuko jirani sana na kosa la kumiliki silaha bila leseni.

Kosa hilo si la faini ya barabarani. Limo katika jedwali la makosa ya uhujumu uchumi, na ndiyo maana mtu anayekutwa na gobore husomewa mashtaka ya kundi moja na ya mafisadi na majangili. Kesi ya namna hiyo haisikilizwi mahakama za chini bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, na mtuhumiwa anaposubiri kibali hicho, tarehe husogezwa na kusogezwa tena. Hata kama polisi wa kituo chake ni waungwana na hawana nia ya kumshtaki, mjane hajui hilo. Anachojua ni habari aliyoisikia redioni ya mtu aliyekamatwa na bunduki. Kati ya kuibeba hadharani hadi kituoni akiwa hana karatasi kwa jina lake, na kuifunga kwenye khanga na kuisukuma chini ya kitanda, atachagua nini? Na siku ambayo kijana wa nyumba, au fundi aliyekuja kurekebisha dari, anaikuta, bunduki iliyokuwa halali kwa miaka arobaini inaingia mitaani. Hakuna jambazi aliyeivusha mpakani. Tumeiharamisha wenyewe, kwa hofu.

Australia inatufundisha kitu hapa. Baada ya mauaji ya Port Arthur ya Aprili 1996, ambako watu 35 walikufa, ilikaza sheria na kununua kutoka kwa raia bunduki zipatazo 650,000. Tungedhani kazi imekwisha. Lakini mwaka 2017, miaka 21 baadaye, ilitoa msamaha wa miezi mitatu bila kumlipa mtu hata senti, na zikasalimishwa silaha 57,324. Namba hiyo hainitoki akilini. Nchi tajiri, yenye madaftari ya kompyuta na polisi wa kutosha, bado ilikuwa na makumi ya maelfu ya silaha nje ya hesabu, na zilitoka mara tu watu walipohakikishiwa kwamba mlangoni hakuna pingu. Ziliwezaje kukaa miaka yote hiyo? Kwa wengi, silaha ya aina hiyo si ya vita wala ya ujambazi. Ni ya baba, ya babu, ya mume. Kuanzia Julai 1, 2021, Australia iliufanya msamaha huo kuwa wa kudumu, na silaha inaweza kupelekwa polisi au kwa muuzaji mwenye leseni.

Sisi msamaha tunao, na serikali inastahili sifa kwa hilo. Mwaka 2022 na 2023 Wizara ya Mambo ya Ndani ilifungua dirisha la Septemba na Oktoba, ukisalimisha kwa hiari hushtakiwi. Ila watu hawafi kwa kufuata kalenda ya wizara. Mume aliyefariki Novemba amemwachia mkewe bunduki dirisha likiwa limeshafungwa, na mwanamke huyo atakaa nayo karibu mwaka mzima akisubiri tangazo jingine ambalo hana hakika kama litatoka.

Polisi wanaweza kusema msamaha wa kudumu utampa muuaji mahali pa kutupia ushahidi. Hofu hiyo ni ya haki, lakini ina dawa: kinachosamehewa kiwe kumiliki bila leseni, basi. Silaha ipokelewe, iandikwe namba, ilinganishwe na matukio, na kama iliua mtu, uchunguzi uendelee kama kawaida. Kwa familia ya marehemu inatosha cheti cha kifo, leseni ya zamani, na askari aliyeelekezwa kutoa risiti siku ileile. Wamiliki wenye leseni wamekuwa wakiyasema haya kwa maneno makali kuliko yangu, na kwa sababu ni wenye bunduki tumewasikia kama watu wanaotaka bunduki zaidi. Wengi wao ni wazee sasa. Wanataka kujua mtutu uliosajiliwa kwa majina yao utaenda wapi, na nani ataulizwa, wao wakishaondoka.