Doti Mbili, Kesi Tatu

Mimi ni mtu wa amani, na majirani zangu wa hapa Tandika ni mashahidi. Nimeishi miaka hamsini na miwili bila kuitwa kwa mjumbe hata mara moja, mpaka nilipoamua kwamba nimechoka kuwatumia watu wangu pesa za simu na kwamba safari hii nitawanunulia khanga, kama alivyokuwa akifanya marehemu baba, tena nizichague mwenyewe.

Kilichonichosha ni hiki. Tangu pesa za simu zilipoingia Tanzania mwaka 2008, zawadi imekuwa haina tofauti na malipo ya umeme. Mama mkwe wangu, aliyeko Tanga, anapokea ujumbe wenye namba ya muamala, kiasi na salio, na jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa kama la mshtakiwa. Anapiga simu kushukuru, na sentensi inayofuata baada ya "ahsante mwanangu" ni "lakini ya kutolea hukuweka".

Marehemu baba hakuwa na fedha za kutisha, lakini kila aliporudi safari alikuwa na doti moja ndani ya gazeti, akamkabidhi mama kwa mikono miwili. Mama hakuifungua mara moja, aliinusa kwanza. Khanga mpya ina harufu yake ya wanga na rangi, na ukiikunjua inatoa sauti kavu kama karatasi. Kisha aliifua, akaifukiza udi, akaitia sandukuni, na sisi watoto tulijua kwamba siku itakapotoka humo kuna harusi au kuna msiba. Pesa ya simu, hata ukiiweka sandukuni mwaka mzima, hainuki chochote.

Basi nikaenda Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, nikiwa na kichwa kilichojaa kumbukumbu na mfuko usiojaa sana. Mambo ya rangi, pindo na mji, yaani lile pambo la katikati, niliyamaliza kwa dakika kumi. Kilichonisimamisha pale dukani mpaka adhana ya alasiri ni jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, maana khanga ndiyo nguo pekee ninayoijua ambayo humsemea aliyeinunua, na yeye hayupo kujitetea.

Kijana wa dukani alinifungulia ya kwanza: "Hasidi hana sababu." Nikamwambia kijana wangu, hii ni zawadi, si hati ya mashtaka. Akafungua nyingine: "Akufukuzaye hakwambii toka." Nikamweleza kwamba ni ya mama mkwe, akacheka, akaikunja haraka kuliko alivyoifungua. Akaja na "Japo sipati tamaa sikati", yenye rangi ya zambarau nzuri mno, na nikasimama nayo kwa muda nikimfikiria mke wangu, kisha nikajiuliza mwanamume mwenye ndoa ya miaka ishirini na sita ataelezaje ni kitu gani hicho asichokipata, na anakitamani kwa nani.

Wazee wa zamani walikuwa na raha yao. Kabla ya khanga, wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya leso, neno lililotoka kwa Wareno, wakaunganisha sita kwa kushona ili wapate kipande kimoja cha kujifunga, na vitambaa vile havikusema lolote. Mume alinunua, akakabidhi, akalala. Baadaye ndipo yakaja maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu na kisha kwa hizi zetu za leo, na kutoka hapo mwanamume akaanza kuhitaji wakili kabla ya kuingia dukani.

Nilichagua yale niliyoyaona hayana mdomo. Ya mama mkwe ilikuwa "Wema hauozi". Ya mke wangu ilikuwa "Nani kama mama", kwa sababu ndiye aliyenizalia watoto wanne, na sikuona mahali ambapo neno hilo lingeweza kugeuka likaniuma. Nikazipeleka kwa fundi cherehani wa mtaani azikate na kuzipinda, kwa sababu baba alisema khanga isiyopindwa ni kazi unayompa mtu, si zawadi. Fundi alisoma ya kwanza, akasoma ya pili, akaniuliza za akina nani. Nilipomwambia, alisimamisha cherehani kwa mguu, akasema, "Mzee, wewe ni jasiri."

Kesi ya kwanza iliitishwa jioni ileile. Mke wangu alipokea kwa mikono miwili, akainusa vizuri kabisa kama mama alivyokuwa akifanya, moyo wangu ukatulia, halafu akaikunjua na kusoma. "Baba Zuhura," akasema kwa upole ambao mume yeyote mwenye akili anauogopa, "tangu lini mimi nikawa mama yako? Au ulimnunulia dada yako, rangi ikamkataa, ndipo ukanikumbuka?" Nilieleza habari ya watoto wanne. Akanijibu kwamba watoto wanne wanaye mama yao, kwa hiyo wao ndio wangenunua.

Kesi ya pili ilikuja kwa simu siku mbili baadaye. Mama mkwe alishukuru kwa kirefu, akaniombea afya, riziki na kizazi chema, kisha akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. "Sasa mwanangu," akasema, "huo wema usiooza ni upi? Ni ule wa mabati? Maana kama ni mabati, sema tu." Naapa nilikuwa nimeyasahau mabati hayo. Nilichangia paa la jiko lake mwaka 2019, tena nusu tu, na leo hii nilikuwa nimemwandikia deni kwenye nguo, kwa wino usiotoka, ili ajifunge kiunoni na kupita nalo mbele ya majirani. Nilipojitetea kwamba ni methali tu, akasema hata yeye anajua ni methali, na methali huwa hazitembei bure.

Wiki tatu zikapita, nikadhani yamekwisha. Kisha nikapigiwa simu na mtu wa mizigo kwenye stendi ya Mbezi kwamba nina kiroba kutoka Tanga. Kilikuwa kimejaa machungwa ya Muheza, yale ya ganda la kijani ambayo mtu wa mjini huyadhania mabichi. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili, ilikuwamo doti ya khanga iliyokwisha kukatwa na kupindwa kwa mkono, inanuka udi mpaka machungwa ya chini yalinuka udi. Mke wangu aliniwahi kuikunjua, akasoma kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ukuta: "Sina siri nina jibu." Akacheka mpaka akakaa chini. Ameivaa tangu jana, na kila anapogeuka kuchukua chumvi jibu linapita mbele ya macho yangu.

Usiku mama mkwe alipiga simu kuuliza kama mzigo umefika salama. Nikamwambia umefika, mama, ahsante sana.

"Haya," akasema. "Na nauli ya mzigo nimelipa hukuhuku, usije ukasema sikuweka ya kutolea."