Mawe Yangu Kwenye Pakiti ya Mwani

Mzee aliyenifundisha udalali wa mawe pale Arusha alikuwa na kanuni moja: mawe hayapandi begi. Begi ndilo mwizi analolitazama. Yeye miaka yote alitembea na rubi ndani ya pakiti ya tumbaku, na hakuna aliyewahi kumwomba hata ugoro. "Mali iweke mahali pa aibu, mwanangu," alikuwa akiniambia.

Basi Januari 2017, nikiwa Bangkok na spineli saba za Mahenge, zimeshakatwa, rangi ya waridi, vibali vyake vyote ninavyo, nikazifunga kwenye karatasi, karatasi nikaitumbukiza ndani ya pakiti tupu ya mwani wa kukaanga, nikaizungushia mpira wa kufungia hela. Mwani ule Wathai wanautafuna kama sisi karanga. Pakiti zake zimezagaa kila mahali. Nani ataiba pakiti tupu?

Mnunuzi alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Silom, kule wanakokaa watu wa vito. Nilitaka baht 150,000 (hela yao inatamkwa karibu sawa na bahati, ila kuipata ni jasho). Asubuhi akaniandikia kwenye LINE (WhatsApp ya kule) kwamba ana udhuru, tukutane saa tatu usiku. Kasiki la hotelini lilikuwa halifungi, kwa hiyo mawe nikabaki nayo mfukoni, na siku nzima sina kazi.

Hapo ndipo mpira ulipoingia. Wajapani walikuwa wameleta J.League Asia Challenge mjini: Kashima Antlers na Yokohama F. Marinos upande wao, Bangkok United na Suphanburi upande wa wenyeji. Tuseme ni bonanza, lakini la watu wenye adabu. Ligi ya Japani wakati huo ilikuwa inaanza Februari, na Januari kwao ni baridi ya kukatika masikio, kwa hiyo timu zinakimbilia penye jua kupasha misuli. Na ligi yenyewe ilikuwa inawatongoza Wathai. Gumzo la mjini lilikuwa Chanathip Songkrasin, kijana wa mita 1.58 ambaye katikati ya mwaka ule alikuwa anakwenda Consadole Sapporo ya Japani, kwenye theluji inayomfika kiunoni.

Mimi ni Simba. Kashima wanavaa nyekundu. Ningefikiria nini tena? Halafu mwezi mmoja kabla, Desemba 18, niliwaona kwenye kibanda umiza wakicheza na Real Madrid fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia. Shibasaki akawatungua Real mabao mawili, kibanda kizima kikawa cha Wajapani, mpaka dakika za nyongeza Real wakatuharibia jioni kwa 4-2. Timu iliyoniliza bure namna ile nilikuwa naidai. Nikavaa jezi yangu ya Mnyama, nikatoka.

Kosa la kwanza lilikuwa hiyo jezi. Mfalme wao, Bhumibol, alikuwa amefariki Oktoba 13, na miezi mitatu baadaye watu wengi walikuwa bado kwenye nguo nyeusi. Kwenye boti ya mfereji wa Saen Saep nilikuwa kama nyanya iliyodondokea kwenye gunia la mkaa.

Boti zile ni daladala za majini, na konda anatembea nje kabisa, kwenye ukingo wa boti, helmeti kichwani, kamba mkono mmoja, nauli mkono mwingine. Konda wetu alikuwa dada. Sasa, wanawake wa kule kila wanachosema kwa adabu wanakimalizia na neno moja, na kwa sikio la mtu wa Arusha neno hilo ni "kaa". Akaniambia maneno fulani, mwisho "kaa". Viti vimejaa, lakini mwanamke mwenye helmeti akikwambia kaa, unakaa. Nikakaa chini sakafuni. Akapokea nauli, akainamisha kichwa: "...kaa." Nimeshakaa, dada, unataka nilale? Wakati huohuo boti nyingine ikapita kwa kasi, abiria wa pembeni wakachelewa kuvuta kamba ya turubai, na maji ya mfereji yakatua yote pale nilipokaa. Nilifika Uwanja wa Rajamangala suruali imelowa mahali ambapo huwezi kumweleza mtu.

Getini, "kaa". Kwenye maji ya kunywa, "kaa". Nikaingia upande wa Kashima, na huko, ndugu zangu, hakuna aliyekaa. Yaani viti vipo, safi kabisa, na watu wamesimama mbele yake dakika 90 wanaimba. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja mfupi, taulo shingoni, anapiga ngoma kama amelipwa kwa kila pigo. Aliponiona na jezi nyekundu akasimamisha ngoma. "Kashima?" Nikamwambia, "Tanzania." Uso ukamng'aa: "Oo! Kilimanjaro! Kofi!" Kwao Kilimanjaro kwanza ni kahawa, mlima baadaye. Toka hapo nikawa wao. Nikapewa taulo.

Joto lilikuwa la Dar kabisa. Wajapani wanachuruzika jasho huku askari wa Kithai pale mlangoni kajifunga sweta, maana Januari kwake ni kipupwe. Tuliruka. Mfuko wa traki yangu ni mfupi, na kila nikiruka naisikia pakiti inapanda juu kuchungulia. Nikaona isije ikadondoka kwenye ngazi. Nikaitoa, nikaiweka kwenye kiti changu, ambacho kwa vile hakuna anayekaa, ni mahali salama kuliko benki.

Filimbi ya mwisho ikalia. Wachezaji wakaja mpaka mbele yetu, wakajipanga mstari, wakainama. Jukwaa lote likainama. Na mimi nikainama, chini kabisa, kwa moyo mmoja. Niliponyanyuka kiti kilikuwa kitupu na kimefutwa.

Sikushtuka! Nilikuwa natazama jambo lingine. Watu wametoa mifuko ya plastiki, wanaokota taka zao: chupa, vikombe, mpaka kijiti cha mshikaki. Nikasema moyoni, hawa ni watu. Nikaingia kazini. Nikaokota chupa mbili za mtu mwingine, nikambebea mzee wa ngoma mfuko wake mpaka chini kwenye kibaraza, nikapokea shukrani kwa mikono miwili. Nilibeba mali yangu mwenyewe kwenda jalalani, tena kwa hiari.

Nimefika nje ya geti, mkono ukaingia mfukoni kwa mazoea. Nikakuta tiketi ya boti.

Sijui nilipitaje kwa yule askari wa sweta. Nilimfikia mzee nikahema, Kiingereza chote kimenitoka limebaki neno moja: "Stone! Stone!" Mzee akastuka, akanishika kichwa kwa mikono miwili akatafuta palipopasuka, akidhani nimepigwa jiwe na mashabiki. Akaita wenzake. Mmoja akaja na plasta.

Alipatikana kijana mmoja Mjapani anayefanya kazi Bangkok, akaelewa. Akawageukia kuwatafsiria, na nikaona habari inavyopita usoni kwa mtu mmoja mmoja. Mzee akaishiwa rangi. Akaniinamia. Nikamwinamia. Akazidi chini. Muda unakwenda.

Mifuko ilikuwa imepangwa ukutani: chupa peke yake, makopo peke yake, vya kuchomwa moto peke yake, plastiki peke yake. Swali likawa pakiti ya mwani ni nini. Mzee akasema yeye aliiweka kwenye plastiki. Mama mwenye miwani akasema hapana, ndani ina karatasi ya kung'aa, kwao hiyo ni ya kuchomwa. Kumbe kule kila manispaa ina sheria yake ya taka, na pale walikuwepo watu wa manispaa kama nne. Wakasimama duara wakajadiliana, kwa upole, kila mmoja akimsikiliza mwenzake mpaka mwisho. Mimi nimeshika kichwa.

Na wakiwa bado wanajadili, akapita mama wa usafi wa Kithai na toroli lake, akatabasamu, "...kaa," akainua mifuko yote, ya kuchomwa na isiyochomwa, akaimwaga ndani ya pipa moja kubwa la magurudumu, juu ya mabaki ya tambi na mchuzi wa samaki wa siku nzima.

Kimya kilichofuata sitakisahau. Wajapani walilitazama lile pipa kama watu waliofiwa.

Nikaingia. Kichwa na mabega ndani, miguu nje. Ndipo simu ikalia, mama wa Silom anauliza niko wapi. Nikamwandikia ukweli kwa kidole kimoja: natafuta mawe yako kwenye taka, uwanjani. Akajibu: "55555".

Nikaisoma mara mbili. Baht 55,555! Mtu yuko ndani ya pipa, wewe unamshushia bei! Nikajibu kwa hasira: 150,000, sipungui. Simu ikalia tena: "555555555". Nikahesabu tarakimu. Tisa. Milioni 555 na ushee. Nikaegemea pipa, magoti yameisha nguvu. Mama wa usafi akachungulia simu yangu, akaangua kicheko, akaninyooshea vidole vitano: "Haa!" Akakunja, akanyoosha: "Haa! Haa! Haa!" Kijana akanielewesha taratibu: tano kwa Kithai ni *ha*. Mama wa Silom hakuwa anashusha wala kupandisha. Alikuwa ananicheka.

Wajapani kumi na kitu walilimwaga pipa lote kwenye kibaraza wakaanza upya kuchambua, chupa huku, makopo huku, na mzee wa ngoma kapiga magoti na taulo lake mdomoni. Aliyeipata ni mama wa usafi, kwa ncha ya ufagio. Mpira wa hela ulikuwa bado umekaza. Mzee akahesabu mawe pamoja nami, mara tatu, saba, kisha akawasha ngoma. Mpaka leo tunaandikiana. Mwaka 2020, Olunga wa Kenya alipofunga mabao 28 akiwa na Kashiwa Reysol na kuchukua uchezaji bora wa ligi, alinitumia ujumbe wa kulalamika: mwambie ndugu yako apunguze.

Nilifika Silom karibu saa tano. Mama akaipokea pakiti kwa kibano. Akamimina mawe, akayatazama kwa lenzi moja moja, akatikisa kichwa kwamba ni mazuri. Halafu akanusa. Akaniangalia mimi kuanzia miguuni, akanyoosha mkono kuelekea ndani, akasema sentensi ndefu iliyoishia na "kaa".

Nikavuta kiti chake cha kitambaa cheupe, nikakaa.

Kumbe alikuwa ananionyesha bafu.