Sipro, azithro au sindano kwa homa ya matumbo?

Jioni moja nilikuwa nimesimama duka la dawa. Jamaa mbele yangu aliweka kaunta karatasi ya Widal, kipimo cha damu cha homa ya matumbo (taifodi), imeandikwa 1:160, yaani ameonekana anayo. Muuzaji akakata sipro (siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria), vidonge kumi. "Asubuhi kimoja, jioni kimoja." Siku tano basi, wakati madaktari wengi huandika saba hadi kumi. Nadhani dozi ile imepangwa na kiwanda kinachofungasha vidonge kumikumi.

Sipro ina sifa zake, tusiionee. Ni ya bei nafuu, inamezwa nyumbani, na bakteria asipokuwa sugu homa hushuka ndani ya siku chache. Tatizo ni hilo "asipokuwa sugu". Mlipuko wa Harare mwaka 2018 ulikuwa na bakteria aliyeizoea sipro. Kurudi kwenye kloramfenikoli, dawa ya tangu 1948, nako ni kugumu: dozi yake ni ndefu, mara chache huua uboho unaotengeneza damu, na huko Nairobi bakteria wengi waliopimwa walikuwa sugu kwake, pia kwa ampisilini na kotrimoksazoli, dawa nyingine za zamani.

Wanaopenda sindano ya seftriaksoni wana hoja nzito kwa mgonjwa anayetapika au aliyezidiwa. Huyo hawezi kutegemea kidonge. Ila bakteria wa homa hii hujificha ndani ya seli, na seftriaksoni haiingii humo vizuri, kwa hiyo homa inaweza kuendelea siku tano au zaidi ingawa dawa inafanya kazi. Ndugu wanaanza kunung'unika, dawa inabadilishwa siku ya tatu, na hakuna atakayejua ipi ilimponya. Halafu kuna gharama ya kitanda, au ya bodaboda kwenda kuchomwa kila siku kwa siku kumi na zaidi. Huko Hyderabad, Pakistan, tangu 2016 hata sindano hiyo imegonga mwamba. Zimebaki azithro (azithromaisini, dawa ya kumeza) na dawa ghali za hospitali kubwa.

Mimi, kwa mgonjwa anayekula na kutembea, ningechagua azithro. Inamezwa mara moja kwa siku, kwa wiki moja, na inajikusanya ndani ya seli, kulekule adui alikojificha. Wanaopinga wanasema tuiweke akiba, na hawajakosea: Bangladesh wamekuta bakteria aliyeishinda kwa badiliko moja tu la jeni. Lakini akiba gani hiyo, wakati wa korona tuliimeza kama njugu, na mpaka leo inatolewa kwa kila kikohozi?

Mabishano yote haya yanachukulia kwamba ugonjwa wenyewe upo. Kuotesha damu, yaani kuiweka maabara bakteria waliomo wakue, ndiko kunakomkamata bakteria mwenyewe, japo hukosa karibu nusu ya wagonjwa na majibu huchukua siku kadhaa. Widal, kipimo cha tangu 1896, hupima kingamwili tu, yaani silaha ambazo mwili huunda kupambana na bakteria, na hizo huchukua kama wiki moja kujitokeza. Aliyewahi kuugua zamani anaweza kubaki nazo.

Yule jamaa nilimuuliza homa imeanza lini.

"Jana usiku."

Na malaria, umepima? Akatikisa kichwa, akatia sipro zake mfukoni.